Moana: madema matupu, na hakuna anayesema "tufunge"

Kila nikiitazama Moana, ile katuni ya Disney ya mwaka 2016, kuna tukio moja linanikaa kooni. Wavuvi wa kisiwa cha Motunui wanamwambia Moana, binti wa chifu, kwamba madema yao, ile mitego ya samaki, ndani ya mwamba yanazidi kutoka bila kitu. Anajibu: basi tubadilishe sehemu za kuvulia. Wamebadilisha. Upande wa pili wa kisiwa? Wamejaribu. Upande wa upepo, upande uliokingika, maji mafupi, mkondoni, kote wamepita. Shauri lake la mwisho ni kuvua nje ya mwamba.

Jamani, hata mmoja asiseme "tufunge"? Tahiti na Visiwa vya Cook, huko huko Polynesia, wana rahui: wakuu wanapiga marufuku kuvua mahali fulani mpaka samaki warudi. Filamu imeipita elimu hiyo. Marufuku pekee tunayoiona ni ya Chifu Tui, babake Moana, ya kuvuka mwamba, na inatokana na hofu ya bahari.

Najua, kwenye hadithi samaki wameondoka kwa laana, si kwa uvuvi. Mtoto wa Pemba au Lamu hatalipambanua hilo. Atakachoshika ni kwamba pakikauka unahama, na miamba yetu inakwisha hivyo hivyo. Dema la matundu madogo linazoa tasi na pono wachanga. Pono ndiye anayekwangua mwani juu ya matumbawe. Akipungua, mwani unatanda, matumbawe yanasongwa, na samaki wengine wanakosa pa kujificha. Upenyo mwembamba wa sentimita 3 au 4 ubavuni mwa dema unawaachia wachanga wapite. Kuuonesha kungechukua muda gani?

Kwenye minazi wamejitahidi. Nazi inapasuliwa, ndani nyeusi kama masizi, na Moana anataka miti yenye ugonjwa iondolewe, shamba jipya lianzishwe pengine. Sawa kabisa, mradi magogo yachomwe. Yakiachwa yaoze, mdudu chonga anataga humo na minazi michanga inaliwa kilele.

Nilikuwa tayari kusema msiwaoneshe watoto, hasa kwa vile mwishoni kijiwe kimoja, moyo wa Te Fiti, mungu wa kike ambaye ndiye kisiwa, kinarudishwa na kisiwa kinachanua papo hapo. Lakini kabla ya hapo bahari inampisha Moana, anamwendea Te Kā, zimwi la moto, bila silaha yoyote, na anamtambua: ndiye Te Fiti mwenyewe. Maui, nusu mungu, alimwibia moyo huo ili awape binadamu. Kumbe kinachounguza ni kisiwa kilichoporwa, na kiliporwa kwa ajili yetu sisi! Sijaona katuni ya watoto iliyolisema hilo waziwazi namna hii, na kwa ajili yake nafuta nusu ya hasira yangu. Waoneshe.

Ila pale pa madema simamisheni filamu. Chukueni karatasi, mchoreeni mtoto dema, kisha aoneshe mwenyewe pono mdogo atokee wapi.