Hachibeki yangu mpya inashika bei vizuri, na hilo ndilo linalonisumbua

Gari langu la zamani nilikaa nalo miaka tisa, nikaliendesha kilomita 187,000. Hili jipya nina miezi ishirini na sita nalo, na mita inasoma 11,400. Mwenye haraka aishie hapo, maana maoni yangu yote yamo kwenye namba hizo mbili. Asiye na haraka avute kiti.

Yote mawili ni ya ukoo mmoja: hachibeki kali. Ni gari dogo la kawaida la familia, buti lake linafunguka pamoja na kioo cha nyuma, ila kiwandani wamelitia injini yenye hasira, breki kubwa na springi ngumu. Kampuni iliyounda hili jipya sitaitaja. Ninayoyalalamikia yamo karibu katika kila gari la aina hii linalouzwa sasa, na nikitaja jina mtaacha hoja mtashika nembo.

Raha ya magari haya ilianzia kwenye bei. Volkswagen walipoleta Golf GTI mwaka 1976 walipanga kuunda magari 5,000 tu. Injini ya lita 1.6, nguvu farasi 110, uzito wa kilo mia nane na kidogo. Kwa macho ya leo ni gari la kwendea sokoni, lakini wakati ule mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kumkimbiza mwenye gari la kifahari, kisha Jumatatu akawapeleka watoto shule kwa gari lile lile. Peugeot 205 GTI ikaja mwaka 1984 na hesabu hiyo hiyo. Unafuu ulikuwa kiungo cha injini yenyewe. Ukiuondoa, unabaki na gari dogo la bei kubwa, na magari makubwa ya bei kubwa yalikuwepo tangu zamani.

La kwangu la zamani lilikuwa la ukoo huo bila shaka. Nililinunua jipya, mkopo wake nikaumaliza kwa miaka mitatu pasipo kulala njaa. Nguvu farasi 180 na ushee, gia za mkono, rimu za inchi 17. Lilibeba mashine ya kufulia, nusu yake ikichungulia nje ya buti. Lilibeba saruji. Lilikwaruzwa ubavu mara mbili, na mara ya pili sikushuka hata kuangalia. Kona zake nilizijua kama ngazi za nyumbani kwetu.

Sasa nije kwenye ununuzi wa hili jipya, kwa sababu ndipo nilipoanza kuuona ulimwengu umebadilika. Shoroomu ya kwanza waliniambia nisubiri miezi minne. Ikawa tisa. Katikati ya kusubiri, bei ilipanda, na fomu niliyosaini ilikuwa na kifungu kidogo chenye maandishi kama mchwa kinachowaruhusu kuipandisha. Gari lilipofika, nikaambiwa haliuzwi bila "kifurushi": zulia, mabango ya milangoni na dawa ya kulinda rangi. Nilipobisha, muuzaji hakunijibu kwa ukali. Alitabasamu tu, akasema kuna watu wawili nyuma yangu. Na kweli walikuwepo, mmoja nilimwona amekaa kwenye kochi akilitazama gari langu. Nililipa. Jumla ikawa karibu mara mbili ya nilicholipia lile la kwanza nikilinunua jipya.

Nilidhani nimeonewa peke yangu hadi nilipokaa na bei za miaka ya nyuma. Ford Fiesta ST, toleo kali la Fiesta, iliingia sokoni Uingereza mwaka 2013 kwa pauni 16,995. Toyota GR Yaris ilianza nchini humo kwa pauni 29,995 mwaka 2020, na toleo lililoboreshwa la mwaka 2024 likaanzia pauni 44,250, nguvu zikiwa zimepanda kutoka farasi 261 hadi 280. Marekani, Honda Civic Type R ya mwaka 2017 ilianzia dola 33,900 na iliyofuata, ya mwaka 2023, ikaanzia dola 42,895. Hizo ni bei za kampuni. Kwa magari yanayogombaniwa kama Type R na Toyota GR Corolla, wauzaji wengi wa Marekani waliongeza chao juu, bila aibu, wakakibandika kwenye kioo.

Haki itendeke: pesa yenyewe imepoteza uzito katika miaka hiyo, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni mfumuko wa bei na hakuna wa kumlaumu. Uhaba wa chipu za kompyuta wa mwaka 2021 na 2022 uliwafundisha watengenezaji kwamba wakiuza magari machache kwa bei ya juu, maisha yanaendelea. Na sheria za Ulaya zimefanya kazi yake. Lengo la wastani wa gramu 95 za kaboni dioksidi kwa kilomita liliambatana na faini ya euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, ikizidishwa kwa kila gari lililouzwa. Hachibeki kali inatoa gramu nyingi kupita kiasi hicho, hivyo kila moja inayotoka shoroomu inavuta juu wastani wa kampuni nzima. Ongeza vifaa vya usalama vilivyokuwa lazima kwa magari yote mapya huko kuanzia Julai 2024: breki ya dharura inayojikanyaga yenyewe, kamera, onyo la spidi. Kamera ya gari dogo haiuzwi nusu bei kwa sababu gari ni dogo.

Lakini sababu ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba wapinzani wamekufa. Fiesta yote, si ST pekee, ilisimama kuundwa Julai 2023. Renault walifunga ukurasa wa Mégane RS mwaka huo huo. Hyundai waliziondoa i20 N na i30 N Ulaya mwaka 2024. Honda nao, mwaka 2025, wakatoa toleo la kuwaaga Wazungu: Type R arobaini tu. Muuza maji akibaki peke yake barabarani, bei inapangwa na kiu yako.

Haya, gari lenyewe likoje? Ni zuri. Sitaki mtu anielewe vibaya, na kwa uendeshaji pekee naipa tisa kwa kumi. Breki zake zimenifedhehesha kwa yale niliyokuwa nikiyaita breki. Difu ya mbele, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi mbili, haiachi tairi moja ikazunguka bure: unaingia kona, unakanyaga mafuta mapema kuliko akili inavyokuruhusu, na pua ya gari badala ya kuchepuka nje inavutwa ndani, kana kwamba kuna mtu amefunga kamba kwenye mti wa upande wa pili. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, peke yangu. Gia ya mkono ni fupi, inaingia kwa mlio mmoja mkavu, na mpaka leo nikiwa kwenye foleni naichezea tu bila sababu. Ni magari yanayovutwa na tairi za mbele, lakini yamefikishwa mbali mno. Type R ya sasa ilizunguka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, mwaka 2023 kwa dakika 7 na sekunde 44 na ushee, muda ambao si zamani sana ulikuwa wa magari ghali ya spoti yenye injini nyuma ya dereva.

Shida ni kwamba sikai Nürburgring. Gari la zamani lilikuwa linasisimka kwenye kilomita 70 kwa saa. Unalibana kwenye gia ya pili, linapiga kelele, linayumba kidogo, unajiona bingwa, na hujavunja sheria yoyote. Hili jipya kwenye spidi hiyo linapiga miayo. Ili liamke inabidi nifike mahali ambapo nikikamatwa sina la kujitetea. Uzito nao umo: Golf GTI ya leo inapita kilo 1,400, na langu liko hapo hapo. Linauficha vizuri, lakini kwenye kona mbili zinazofuatana kwa haraka, ile ya pili unausikia ukichelewa kuhama.

Ndani kuna skrini mbili, na kiyoyozi kimefichwa ndani ya mojawapo. Wenye Golf ya kizazi cha nane walilalamikia vitufe vya kugusa kwenye usukani hadi Volkswagen wakarudisha vya kubonyeza katika toleo la 2024, kwa hiyo huenda kuna matumaini. Langu bado linanitaka nitoe macho barabarani ili kupunguza baridi. Kengele ya spidi inajiwasha upya kila nikiwasha gari, na kuizima ni kugusa mara nne. Nimeizoea kama sala: nafunga mkanda, nagusa mara nne, naondoka. Tairi ni za inchi 19, na seti moja inagharimu kiasi ambacho zamani kilininunulia seti mbili.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonikwama ni thamani.

Miezi michache iliyopita mtu nisiyemjua alinisimamisha kwenye maegesho akataka kulinunua. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya niliyolipa kwa asilimia kumi tu, baada ya miaka miwili. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi. La zamani lilikuwa limepoteza karibu asilimia sabini ya bei yake nilipoliuza, nikajiona safari hii nimecheza kama mfanyabiashara. Kisha, kwa kuwa usingizi haukuja, nikachukua kalamu.

Asilimia kumi ya bei iliyo mara mbili ni sawa na asilimia ishirini ya bei ya lile la zamani. Hiyo nimeipoteza kwa kilomita 11,400. La zamani lilipoteza sabini zake kwa kilomita 187,000. Gawanya. Kila kilomita ya gari "linaloshika bei" imenigharimu zaidi ya mara nne na nusu ya kilomita ya gari lililoporomoka bei, na hapo bima na tairi sijazigusa. Nilirudia hesabu mara mbili, nikidhani nimekosea nukta.

Mtasema tatizo ni mimi, endesha zaidi hesabu itashuka. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo penyewe. Siendeshi kwa sababu linashika bei. Mvua ikinyesha naangalia nje na kuchukua basi. Sokoni naegesha kule mwisho, chini ya taa, pembeni ya ukuta, kisha natembea. Mashine ya kufulia? Hata mfuko wa viazi nimeutandikia blanketi. Kila ninapofikiria safari ndefu kuna sauti inayoniambia kwamba kilomita elfu moja zaidi zitamkimbiza mnunuzi, kwa kuwa sasa wanunuzi wa magari haya wanayatafuta kama sarafu za kale: kilomita chache, rangi ya kiwandani, kitabu cha servisi chenye mihuri yote. Gia za mkono zinazidi kuadimika na injini za petroli zinaagwa, basi kila mwenye moja anahisi ameshika ya mwisho. Nami nimeambukizwa.

Nilijaribu kutokea mlango wa pili. Nikaendesha Hyundai Ioniq 5 N ya umeme kwa nusu saa: nguvu farasi 650 ukizifungulia zote, tani mbili na zaidi, gia za kuigiza na sauti ya injini isiyokuwepo. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kucheka na nikarudi nimenyamaza, kwa sababu udanganyifu ule umefanywa na watu wanaoyajua magari. Ila kwa ukubwa ni gari la aina nyingine, na bei yake nayo si ya mtu wa Fiesta. Alpine A290, nayo ya umeme, yenye farasi 220 kwa toleo la juu, inakaribia zaidi umbo la zamani. Hiyo sijaigusa usukani.

Kwa anayeniuliza kama anunue jipya: kama unaweza kulilipia na ukalisahau bei siku hiyo hiyo, chukua, hutapata gari lenye kufanya mambo mengi hivi vizuri hivi. Kama wewe ni kama mimi, wa kupiga hesabu usiku, tafuta la miaka saba au nane lenye mkwaruzo tayari. Mkwaruzo wa mwenzako una thamani usiyoijua.

La zamani nilimuuzia mdogo wangu. Mwezi uliopita alikuja nalo, limejaa vumbi, kiti cha nyuma kimekunjwa, ndani kuna ngazi na ndoo ya rangi. Alilizunguka langu lililokuwa linang'aa, akachungulia mita ya kilomita kupitia dirishani.

"Kaka, hili umelinunua au umeazimwa?"

Tukabadilishana funguo kwa siku mbili. Yeye alirudisha langu na kilomita 640 zaidi na matope hadi kwenye vioo, akitabasamu kama mtoto. Mimi nilikuwa nimepeleka lake kununua mbao, kwa njia ndefu, wakati mvua inanyesha.