Vikao 12 vya tiba ya ADHD kwa watu wazima, Kampala: uzoefu wangu

Hii ni tathmini ya tiba ya mazungumzo ya ADHD (hali ya ubongo inayoleta umakini kuyumba, kutotulia na pupa) niliyoipata kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Kampala: vikao 12, kimoja kwa wiki, dakika 50 kila kimoja, shilingi 80,000 kwa kikao. Naipa nyota 3 kati ya 5. Mbinu wanazofundisha zinafanya kazi. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya siku sita zilizopo kati ya kikao na kikao, nami nitaeleza.

Uchunguzi kwanza. Unajaza fomu ya ASRS, ambayo ni ya mtu mzima kujipima dalili za ADHD, yenye maswali 18 kuhusu miezi 6 iliyopita. Maswali 6 ya mwanzo ni chujio tu: majibu manne yakiangukia upande wa dalili, uchunguzi unaendelea. Mpimaji akikomea kwenye fomu na kukutangazia kuwa una ADHD, tafuta mwingine. Kwa mtu mzima zinatakiwa dalili zisizopungua 5 za umakini kuyumba, au 5 za kutotulia na pupa, na baadhi ziwe zilijitokeza kabla ya umri wa miaka 12, tena si mahali pamoja tu. Ndiyo maana ripoti za shule ya msingi zina thamani kubwa. Maoni ya mwalimu wa darasa yanasema mengi kuliko alama. Kama zimepotea, shangazi au yeyote aliyekulea anaweza kuhojiwa kwa simu. Uliza pia kama watapima usingizi, sonona, wasiwasi, pombe na mairungi. Anayetafuna mairungi hadi usiku wa manane anaweza kuonekana ana ADHD, kumbe amekosa usingizi.

Kwa sisi tunaotumia Kiswahili kuna tatizo la tafsiri. Fomu iko kwa Kiingereza, na mshauri anatafsiri palepale. Swali la kutotulia likiulizwa kwa neno "mtundu", mtu mzima mwenye kazi na watoto atajibu hapana, kwa kuwa utundu ni wa mtoto. Liulizwe hivi: ukiketi kwenye mkutano mrefu, je, mguu unacheza, vidole vinatafuta kitu cha kushika, moyoni unaona kama umefungwa kamba? Majibu yanabadilika kabisa. Usione haya kumwambia mshauri arudie swali kwa mfano.

Tiba yenyewe huanza na daftari moja na kalenda moja. Si daftari, karatasi za mfukoni na simu tatu kwa pamoja. Kila kazi inapewa herufi: A ni ya leo au kesho, B ni ya wiki hii, C inaweza kungoja. Huna ruhusa ya kugusa B kabla A hazijaisha. Watu wengi huharibu hapa kwa kuandika A kumi na mbili, halafu wanakimbilia C iliyo rahisi ili wajisikie wamefanya kitu. Zaidi ya A tatu kwa siku hazibebeki.

Kikao cha nne ndicho ningekilipia hata mara mbili. Unachagua kazi inayokuchosha, unawasha saa, unaona akili inatoroka baada ya dakika ngapi. Tuseme 12. Basi kila kazi inakatwa vipande vya dakika 12, na kipande kinaandikwa kwa kitendo kinachoonekana: badala ya "hesabu za duka", andika "panga risiti za Jumatatu". Wazo la kando likija (kununua tokeni za umeme, kumjibu mtu ujumbe), unaliandika pembeni bila kulifuata, unarudi. Kengele ikilia unajiuliza: niko kwenye kazi niliyoianza? Baada ya wiki mbili unaongeza dakika 2 au 3, si zaidi. Wanaoruka moja kwa moja hadi nusu saa huacha zoezi zima.

Kuna pia kupima muda. Andika unavyodhani kazi au safari itachukua, kisha andika ilivyochukua kweli. Kwa foleni za Kampala tofauti hizo zinashtua, na baada ya siku kumi unapanga kwa namba zako mwenyewe, si kwa matumaini.

Sasa kasoro. Mazoezi yote haya hufanyika nyumbani, na anayetakiwa kuyakumbuka ni mtu ambaye kusahau ndiko kulikomleta. Kliniki haikutuma hata ujumbe mmoja wa kukumbusha, na kikao ulichokosa kinalipiwa kizima. Hilo linaumiza, kwa sababu wanaoacha tiba katikati hudhani ni uvivu wao. Kabla ya kulipa, dai mambo mawili: ujumbe wa simu siku ya tatu, na dakika 5 za mwisho wa kikao za kuweka kengele zote pamoja na mshauri. Nje ya kliniki, tafuta mwenzi wa kuketi naye kila mtu akifanya kazi yake, kimya, kwa muda wa saa moja. Asikusimamie wala kukukagua. Kuwapo kwake kunatosha.

Dawa si kazi ya mshauri. Unapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Njia ya serikali ni Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, au kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiandikiwa methylphenidate, dawa ya kuchangamsha inayotumika kwa ADHD, shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito vipimwe kabla, na tena kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa. Sema wazi kama unatafuna mairungi, maana vyote viwili huusukuma moyo. Vidonge vyake vya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa 3 hadi 4 tu, kwa hiyo kidonge cha jioni huiba usingizi. Kula kabla ya kumeza, hamu ya chakula hupungua. Atomoxetine, dawa nyingine ya ADHD, huenda polepole. Usiihukumu kabla ya wiki kadhaa. Tena piga simu kwenye duka la dawa kabla hujapanda boda, maana Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019 na tena 2021 kuiingiza methylphenidate kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na si kila duka huiweka.