Attar ya udongo: mvua ya Kannauj, mtungi wa Mombasa

Kama unataka manukato ya kuingia nayo harusini watu wageuke, hiki kichupa si chako. Attar ya udongo, ambayo Wahindi huiita mitti attar, hubaki karibu na ngozi. Aliyekaa kando yako hasikii kitu. Mimi nilikinunua kwenye duka la mafuta mazuri Mji wa Kale kwa ajili ya kazi. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na tulikuwa tumefika kwenye petrichor, yaani ile harufu inayopanda mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu.

Neno lenyewe ni changa. Lilibuniwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walioandika katika jarida la Nature. Waliunga maneno mawili ya Kigiriki: petra, jiwe, na ichor, kile kinachopita mishipani mwa miungu badala ya damu. Maelezo yao ni kwamba wakati wa kiangazi mimea hutoa mafuta, udongo na mawe huyanyonya, kisha unyevu ukija harufu inaachiliwa. Huko Kannauj, mji wa jimbo la Uttar Pradesh, India, watu walikuwa wakiiuza harufu hiyo kitambo, bila kungoja Mzungu aipe jina. Udongo mkavu hufinyangwa na kuchomwa, hutiwa maji katika chungu kikubwa cha shaba, mfuniko huzibwa kwa udongo, moto ukawashwa chini. Mvuke hupita katika bomba la mwanzi hadi chombo cha pili, ambamo mafuta ya sandali, yaani liwa, yanaungoja.

Sasa, inanukaje? Ukipaka tu, unapata udongo mbichi, wenye unyevu na uchungu kidogo, mpaka nikajikuta nausogeza mkono puani kila mara. Baadaye ubichi unatoka na kubaki ukavu. Mwishoni kabisa ni liwa tupu, jambo ambalo mtu wa pwani halimshangazi.

Darasani kichupa kilipita dawati kwa dawati. Msichana mmoja wa nyuma alinusa, akafikiri, akasema, "Mwalimu, hii si mvua. Huu ni mtungi mpya." Amesema kweli! Ni yale maji ya kwanza ya mtungi uliotoka kununuliwa, ambayo bibi huyamwaga na watoto huyataka. Udongo uliochomwa utanuka vipi kama si hivyo? Mvua yetu ya vuli ina pia majani yaliyolowa, vumbi la barabarani na lami iliyopigwa jua kutwa. Hayo hayamo. Kwa hiyo petra ipo, ya kutosha. Ichor kidogo sana.

Muulize muuzaji imewekwa katika mafuta gani. Sandali imekuwa ghali mno, na watengenezaji wengi siku hizi hutumia parafini (ile ya vipodozi, si mafuta ya taa). Wangu alijibu "ni orijino" nikauliza tena, akajibu vilevile.

Nakipa nyota tatu na nusu. Ningefika nne, lakini kifuniko kinavuja na daftari za mitihani zote za kidato cha tatu sasa zinanuka mtungi.