Nimesafishiwa godoro: mkojo umetoka, damu nusu, piko limegoma

Nianze na ile ndoo. Kijana kamaliza upande mmoja wa godoro, kafungua tangi la mashine ya kunyonya akamimina kwenye ndoo yangu nyeupe, jamani yale maji rangi yake kama chai ya rangi iliyolala, na juu kinaelea kitu kama majivu ya jikoni. Mume wangu kachungulia, akasema "kumbe sisi ndo tunalalia haya?" akatoka zake barazani. Mimi nkabaki na aibu yangu mbele ya vijana wa watu.

Godoro lenyewe ni la sponji, 6 kwa 6 inchi 8, lina miaka mitano na katika miaka hiyo limeona mambo. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka minne na ni kikojozi, tena kitandani kwake hakojoi, anasubiri saa tisa za usiku anakuja kujipenyeza katikati yetu halafu ndo anafungua mfereji. Kuna damu ya pua ya dada yake. Kuna chai ya maziwa, hiyo yangu mwenyewe nilipokuwa naumwa. Na kuna piko, ile rangi nyeusi ya kujichora mwilini kama hina. Arusi ya wifi yangu nilichorwa miguu, usingizi ukanishinda kabla halijakauka, asubuhi ua zima limejipiga chapa kwenye godoro mpaka vijani vyake unavihesabu.

Ningeendelea kufunika kwa shuka mbili mbili maisha yangu yote, ila mkwe wangu kapiga simu kutoka Wete, Pemba, kwamba anakuja na boti kuangaliwa macho na atakaa kwetu wiki mbili, na chumba cha kumlaza mtu mzima kwa heshima ni hicho chetu, hakuna chengine. Mkwe wangu ni mtu wa udi na marashi, pua yake haidanganyiki.

Sasa kabla ya hawa kuna wengine niliwaita mwaka jana, siwataji. Walikuja masika mvua zinapiga, wakamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, wakasugua kwa brashi ile ile ya kufulia mazulia, wakapangusa na taulo wakachukua pesa wakaondoka. Siku nne godoro halikauki. Siku ya tano nainua naona upande wa chini uliolalia chaga umeota ukungu, vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyomwagika, na ile damu ndo kwanza imekolea. Kosa la damu nimelijua safari hii tu: damu ina protini, ukiimwagia maji ya moto unaipika kama yai na ikishaiva imeshika. Damu ni maji baridi, na unabonyeza na kitambaa, husugui, ukisugua unaisukuma ndani.

Hawa wa safari hii namba yao nilipewa na jirani hapa Fuoni. Jina lao siliandiki, asije mtu akasema nimelipwa. Kwenye simu kijana akaniuliza godoro la sponji au la springi au la sufi, saizi gani, madoa ya nini na ya lini. Hilo la "ya lini" ndo lililonifanya nimuamini, maana wale wa mwanzo walichouliza ni nyumba iko wapi na nina shilingi ngapi. Bei tukapatana 40,000 pande zote mbili, waje saa nne asubuhi. Wamekuja saa saba u nusu. Nyota moja iliondoka mlangoni hata viatu hawajavua.

Lakini kazi wanaijua, nisiwaonee. Kwanza walinyonya vumbi kavu kavu, godoro halijaguswa na tone la maji, upande mmoja tu ulichukua kama robo saa, wanapita kwenye mishono ile ya pembeni ambako ndo kunguni hupenda kujificha (hatukuwa nao alhamdulillahi, nilikuwa nimeshikilia roho). Halafu yule mmoja akapiga magoti akaanza kunusa. Wallahi ananusa godoro la watu kama anachagua embe! Kila akipata pahala anachora duara kwa chaki, kufika mwisho kuna maduara saba na mimi madoa niliyokuwa nayajua ni manne.

Nkamuuliza mbona pengine pakavu na hapana rangi na bado pananuka. Akanieleza kitu ambacho kimenifungua macho. Mkojo ukikauka maji yanaondoka lakini ndani inabaki chumvichumvi ya asidi ya yuriki ambayo kwenye maji na sabuni haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo ukifua unaona pamekuwa pazuri, hewa ikipata unyevu tu harufu inarudi. Ndo pale nkaelewa kwa nini kila masika chumba changu kinageuka choo cha stendi na kaskazi kikipiga harufu inapungua, miaka yote nilikuwa namsingizia paka.

Dawa yake ni ya enzaimu, inakula ile asidi yenyewe, ila inataka muda. Alinyunyiza mpaka pakalowa, akafunika na taulo bichi, akaacha saa nzima. Nilidhani wanapoteza muda wanywe kahawa yangu, kumbe ikikauka mapema haifanyi kazi. Nkamwambia mimi nilikuwa natumia jiki, akanitazama kama namwambia nimemnywesha mtoto. "Mama, jiki na mkojo havikai pamoja, vinatoa hewa ya sumu." Na kweli nilikumbuka ile siku nimemwaga jiki nikakohoa mpaka machozi, nikadhani ni pumu inaanza. Tena jiki inalifanya sponji liwe la njano na lianze kumeguka. Basi nilikuwa nalipa pesa zangu mwenyewe kuliua godoro langu.

Damu akaitilia maji baridi kwanza, halafu haidrojeni peroksaidi ile ya asilimia 3 ya duka la dawa, likawa linatoa povu jeupe chechechee, anapangusa, anatia tena. Alianza kujaribu pembeni kabisa asije akapausha kitambaa. Imetoka kama nusu. Imebaki rangi ya mchanga mkavu, usipoonyeshwa huoni, na mwenyewe alisema hii imeshapikwa na maji ya moto asinidanganye kuwa itaisha.

Piko ndo hakuligusa kabisa. Aliliangalia, akacheka, akasema "hili limekuja kukaa". Piko wengi wanalichanganya na dawa ya kutia nywele weusi, na ile kazi yake ni kung'ang'ania, sasa kitambaa cheupe cha godoro kina ujanja gani. Angeweza kuchezacheza nalo akanitoza, hakufanya. Hapo ile nyota ya kuchelewa nilitaka kuwarudishia.

Baadae nikaichukua tena. Wakati wa malipo naambiwa 50,000, ati elfu kumi ni "madoa sugu". Mbona kwenye simu hukusema mwanangu? Akaanza bosi kasema, bosi kasema. Nilitoa kwa sababu kazi nimeiona kwa macho, lakini sikupenda, na mume wangu ndo kabisa, mpaka leo akiliona lile godoro anasema "elfu kumi yangu imelala hapo".

Sasa jambo la kukausha, maana huku kwetu kisiwani ndo penye mtihani wenyewe. Mashine inarusha maji kidogo na kunyonya hapo hapo, kwa hiyo wakimaliza ni unyevu tu, si kuchuruzika. Walisema masaa sita. Si kweli, labda kwa watu wa bara kwenye upepo mkavu. Tulilisimamisha ukutani, feni mbili huku na huku, madirisha wazi, upepo wa kusi unaingia maana ilikuwa Julai, na bado mpaka saa tano ya siku ya pili nikibonyeza tishu inatoka na ubichi. Kwa hesabu yangu ni masaa 20 hivi, na hiyo ni kipupwe umeme haukukatika. Masika mtu asithubutu. Na tayarisha yuniti za umeme kwenye tukuza, ile mita ya kulipia kabla, mashine yao na feni vimekula vizuri sana. Nilitaka kulitoa uani juani, wakanikataza, jua kali la muda mrefu linalichoma sponji linakuwa njano na kukakamaa, kivuli chenye upepo kinatosha.

Wakati wapo nikaona niwaoneshe na godoro la sufi la marehemu bibi yangu, lile la kitanda cha besera. Wakakataa. Sufi ikilowa inagandana mabonge na ndani inavunda, hilo ni la fundi wa magodoro, analifumua, sufi inaanikwa na kuchambuliwa halafu anashona upya. Ndivyo bibi alivyokuwa akifanya na mimi nilikuwa nimesahau.

Kitu chengine kilichonikera ni yale marashi. Mwisho kabisa akatoa chupa akapuliza kitu kinanuka ubani wa chingamu, chumba kizima. Nani kamuomba? Nimetoka kuondoa harufu moja wananipa nyengine. Ukiwaita waambie mapema wasipulize, mwenyewe ufukize udi wako godoro likishakauka.

Mkwe kafika Jumamosi. Kaingia chumbani, kakaa kitandani, mimi nasimama mlangoni roho mkononi. Akapapasa shuka, akavuta pumzi, akasema "udi wa mawardi huu, umenunua wapi?" Basi. Wiki mbili hakusema neno juu ya godoro. Ila siku ya kuondoka anakunja shuka zake mwenyewe, akaliona lile ua la piko, akaniangalia miguu akacheka peke yake.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu. Mkojo wape, wanauweza. Damu mpya wape, ya zamani usitegemee sana. Piko na hina acha. Na kabla hawajashusha mashine waulize bei ya "madoa sugu" na wakuandikie kwenye meseji. Mimi sasa nimenunua kava la plastiki Darajani, mtoto akigeuka usiku linalia kwachakwacha kama mfuko wa bisi, lakini jana kafungua mfereji kama kawaida na godoro kavu.