Bunduki Iteleze Juu ya Mfuko wa Mchanga: Ununue Nini Ukiwa Dodoma

Kila mwaka kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa, mimi na wenzangu hukutana kwenye eneo tulilopewa ruhusa ya kulengea shabaha, kila mmoja na kibali chake, kurekebisha darubini za bunduki. Na kila mwaka yupo anayepiga risasi tatu, matundu mawili yakagusana, la tatu likapanda juu upana wa kiganja. Anaanza kuilaumu darubini, anazungusha vitufe vyake, anapiga tatu nyingine, mambo yanazidi kuharibika. Risasi za .375, zile za wanyama wakubwa, ni ghali mno kuzimalizia kwenye kutafuta kosa mahali lisipokuwepo. Mara nyingi kosa liko chini ya bunduki: kitako kimenata kwenye mfuko wa mchanga tunaoilazia bunduki wakati wa kulenga.

Watu wengi hudhani bunduki hurudi nyuma risasi ikishatoka. Sivyo. Inaanza kurudi palepale risasi inapoanza kutembea ndani ya mtutu. Chukua .30-06, aina ya kawaida ya risasi za uwindaji: risasi ya gramu 12 hivi, bunduki ya kilo 4, mtutu wa sentimita 56. Ukipiga hesabu ya uzito wa risasi na baruti dhidi ya uzito wa bunduki, utaona bunduki imesharudi karibu milimita 2 kabla risasi haijafika mdomoni. Kwa .375 H&H, yenye risasi ya gramu 19, ni karibu milimita 3. Milimita hizo ndizo tunazozigombania. Kitako kikiteleza sawasawa kila mara, mtutu unakuwa umeelekea palepale kila risasi inapotoka. Kikinata mara hii na kuteleza mara ile, kila risasi inashika njia yake.

Kwa hiyo usitafute utelezi uliopita wote. Tafuta ule ambao risasi ya kwanza na ya ishirini zitaukuta vilevile. Na hapa kwetu kati ya Juni na Oktoba, upepo ukishaamka na vumbi jekundu likaingia hadi kwenye sahani ya chakula, sharti moja linatangulia mengine yote: chochote chenye majimaji au mafuta kinashika vumbi, na vumbi likishachanganyika na mafuta umejitengenezea msasa.

Pima kabla ya kununua

Kwanza hakikisha bunduki haina risasi: toa magazini, toa bolti (kile chuma cha kufungulia na kufungia) kabisa, chungulia chemba, yaani tundu inamokaa risasi. Ilaze juu ya mifuko yako kama unavyoilaza siku zote. Zungushia kamba laini kwenye shingo ya kitako, funga mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki au nyama, uvute nyuma taratibu. Bunduki ya kilo 4 inayohitaji kilo 2 kuivuta inanata sana. Ngozi mpya na turubai hufika huko kwa urahisi. Ikivutika kwa chini ya kilo moja, uko pazuri. Vuta mara kumi. Namba zikirukaruka, hata kama wastani wake ni mdogo, bado una kazi.

Angalia pia vitu viwili ambavyo hakuna dawa ya dukani itakayoviponya. Kile kipingili cha kufungia mkanda chini ya mti wa mbele, yaani mbao iliyo chini ya mtutu, kikigusa mfuko kitajikwaa. Kifungue au sogeza mfuko. Na ncha ya chini ya ule mpira wa kitakoni hushika masikio ya mfuko wa nyuma, zile pembe mbili zinazobana kitako, kama tairi inavyoshika lami. Wengi hawaioni.

Ya kwanza: tepu ya Teflon yenye gundi

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Teflon ni ileile ya vikaango visivyonata, iliyogunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett katika maabara ya DuPont. Ni miongoni mwa vitu yabisi vinavyoteleza kuliko karibu vyote, inateleza ikiwa kavu, na vumbi likiikalia linaondoka kwa kupitisha kitambaa chenye unyevu.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukataja Teflon, utapewa kile kijitepu cheupe cha mafundi bomba. Rudisha. Hakina gundi, ni chembamba kama ganda la kitunguu, na kitachanika risasi ya pili. Unayoitaka ni ya rangi ya kahawia, ina nyuzi za kioo ndani na gundi upande mmoja, unene wa milimita 0.13 hadi 0.18. Iulizie kwa wanaouza au kutengeneza mashine za kubana mifuko ya nailoni kwa moto, zile wanazofungia unga na karanga, kwa sababu tepu hiyo ndiyo inayofunika waya wa moto wa mashine ili plastiki isigande. Dodoma yenye wasindikaji wengi wa unga na alizeti, mashine hizo si ngeni. Chagua nene, na upana wa sentimita 5 ukiupata.

Kuibandika: futa mti kwa spiriti, acha ukauke, kisha laza kipande kimoja kwa urefu chini ya mti wa mbele, sentimita 15 au zaidi, kingo zake zikipanda ubavuni. Usizungushe kama bandeji. Kila ukingo unaokatiza njia ya mfuko utajikwaa. Fanya vivyo hivyo chini ya kitako, ukifunika na ile ncha ya mpira. Kama mti wa bunduki yako umelishwa mafuta ya kitani badala ya vanishi, gundi haitashika vizuri, na hilo ndilo doa kubwa la tepu hii. Wakati wa kuibandua ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, vinginevyo unaweza kuondoka na vanishi.

Ipo pia tepu ya polithini ngumu sana, nyeupe ya maziwa, ambayo wengine huibandika chini ya droo. Inavumilia kuchakaa kuliko Teflon ila utelezi wake ni pungufu kidogo. Ukiipata kwanza, ichukue bila wasiwasi.

Ya pili: kitambaa cha mwavuli

Hii ni ya mwenye mti uliolishwa mafuta, na ya asiyetaka kugusa bunduki kabisa. Nunua mwavuli mchakavu, mpelekee fundi cherehani pale Majengo au Sabasaba, akushonee foronya inayobana juu ya mfuko wako. Kitambaa kile kimefumwa kwa karibu na kinateleza vizuri juu ya vanishi. Mwambie mshono ukae chini au pembeni, kamwe usiwe juu. Foronya ikilegea itajikunja, na mkunjo ni kizingiti. Ikishika vumbi unaifua na ndani ya nusu saa kwa upepo wetu imekauka. Kwa fedha kidogo utakayotoa, sijui kitu kinachokaribia thamani yake.

Ya tatu: poda

Walengaji wa mezani wa Marekani, wanaoshindana bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko mezani, wametumia poda ya mtoto kwenye mifuko ya ngozi kwa miaka mingi, na kwa ngozi inafanya kazi nzuri kweli. Siri yake ni talki, madini laini kuliko yote kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, yenye matabaka yanayotelezeana kama karata. Lakini soma nyuma ya kopo. Poda nyingi za sasa hazina talki; Johnson & Johnson ilitangaza Agosti 2022 kuwa poda yake ya mtoto duniani kote itakuwa ya wanga wa mahindi kuanzia 2023. Ukiona Zea mays kwenye orodha, huo ni wanga, na wanga ukinywa jasho au umande wa asubuhi unageuka madonge. Talki nayo ina tahadhari yake: Julai 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Funika pua na mdomo, paka kwa kitambaa badala ya kumwaga, na watoto wasikae karibu.

Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya upepo. Unapaka saa mbili asubuhi, saa nne imeshapeperuka, nyingine imeingia kwenye bolti na vioo vya darubini, na unajikuta ukipaka upya kila risasi tano. Ule utelezi usiobadilika tuliokuwa tukiutafuta umepotea.

Ya nne: nta ngumu ya gari

Ile ya kopo yenye nta ya kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mnazi, ambayo haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 80 na ushee. Paka nyembamba kwenye mti, acha ikauke, sugua mpaka ing'ae. Inaulinda mti pia. Inapungua nguvu polepole, kwa hiyo paka upya kabla ya kila siku ya kulenga.

Silikoni ya kupuliza inateleza, ila ikishaingia kwenye mti, vanishi ya baadaye haitakamata. Mimi siiweki kwenye mti wa walnati wa mtu.

Usinunue

Grisi, mafuta ya mashine na vilainishi vya kupuliza vya gereji, kwa sababu ya vumbi lile lile.

Na nta ya nyuki. Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa nchi yetu hii ya Manyoni, Itigi na Singida ni nchi ya asali, nta nzuri ipo kila mahali, na mtu huiona kama jibu la bure. Mjomba wangu alinipa bonge zima nikapaka kitako chote cha bunduki yake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini hulainika mapema zaidi, na bunduki iliyolala juani saa saba mchana inakuwa na kitako kinachoshika kama gundi. Matundu yalitawanyika, tukachoma boksi zima la risasi kabla hatujajua sababu. Tuliifuta kwa spiriti na vitambaa jioni nzima.

Mchanga wa mfuko wenyewe uchote korongoni, uchekeche, uuoshe, uanike hadi ukauke kabisa, ndipo ujaze mfuko wa mbele mpaka uwe mgumu. Mfuko uliolegea unaukumbatia mti, na hata tepu iwe nzuri kiasi gani haitausaidia. Weka mfuko wa ndani pia, kwa maana chembe zinazovuja kwenye mshono huishia juu ya Teflon. Viroba vya sandarusi huteleza vikiwa vipya, kisha jua huvikausha hadi vikapasuka mezani.