Kondomu ya kike (FC2): nimeitumia miezi minne, nyota 4 kwa 5

Kwanza kuipata tu ni kazi. Nilizunguka kemisti tatu pale Tom Mboya, ya kwanza jamaa wa kaunta akauliza kwa sauti "ya nani?" na laini yote ikageuka kuniangalia, ya pili wakasema hakunanga mtu huulizia, ya tatu walikuwa nayo lakini bei, aki, moja inashinda pakiti nzima ya zile za wanaume. Baadaye nesi wa dispensari huku Kayole akanipea kadhaa bure na akanionyesha vile inavaliwa, na hapo ndio aliniokoa juu ukiiona mara ya kwanza unadhani ni karatasi ya maziwa.

Iko na pete mbili. Ya ndani unaifinya iwe kama namba nane halafu unaisukuma na kidole mpaka mwisho, ya nje inabaki nje. Ya kwanza iliniteleza ikarukia nyuma ya mlango wa bafu nikacheka peke yangu, ya tatu ndio nilishika. Kelele iko kidogo, ongeza mafuta inanyamaza, na juu haijatengenezwa na latex, ule mpira wa zile za wanaume, hata mafuta ya kawaida haiiharibu.

Sasa penye imenibamba ni masaa. Unaweza kuivaa hata masaa 8 kabla. Bwanangu huendesha lori za Malaba, anafika saa nne usiku amechoka, na hiyo saa ukitaja kondomu ni kesi, ati humwamini, ati kwani wewe umekuwa na nani. Miaka miwili nimeshindwa hiyo kesi. Siku hizi naivaa nikisonga ugali, akifika imeshakaa na yeye hajaambiwa avae chochote, sasa abishane na nini? Nilimwambia ni ya kupanga uzazi, na si uongo, mimba pia inazuia. Alinung'unika siku mbili, ya tatu akauliza kama zimebaki.

Lakini haijifichi, pete ya nje ataiona, kwa hivyo kama wako ni wa kuinua mkono hii haitakufaa, uliza PrEP, dawa ya kumeza mapema usishikwe na HIV. Kenya iko tangu 2017, kidonge kimoja kila siku, ni ya HIV peke yake haizuii mimba wala kisonono. Mimi ilinishinda juu chupa inalia kwa kibeti kama ya ARV na jirani yangu ana masikio.

Ingine, usiivae pamoja na ya kiume zinasuguana, na shikilia pete ya nje akiingia, akipitia kando umefanya kazi bure. Ukimaliza zungusha hiyo pete kabla ya kuvuta, funga na tishu, pipa. Si choo. Landilodi wetu bado anauliza nani aliziba.