Fundi wa programu hapa Lamu, kazi yake naipa nyota nne
Wenye gesti mnaotafuta mtu wa websaiti, yuko kijana wa Langoni ametutengenezea ya buking kwa Python na Django, vifaa vya kuandikia programu, malipo kaunga M-Pesa kupitia Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunga M-Pesa na websaiti, yaani mgeni akibofya tu simu inamuuliza PIN, kashalipa. Ila kilichonishika zaidi ni vitu anavyojitengenezea mwenyewe, ana programu ya maji kujaa na kupwa, inaonyesha bamvua, maji makubwa, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, saa zimeandikwa za Kiswahili na bila intaneti inafanya kazi, manahodha wa kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, wanajua faida yake. Kodi ya programu zake, yaani maandishi yanayoziendesha, yote iko wazi GitHub, tovuti ya kuwekea kodi. Nyota moja nimekata sababu kupokea simu alasiri, wallahi, hapokei.